Mnara Mrefu Uko Upande Gani

"Bi Honorata, wewe unayeshinda pale, hebu niambie: ule mnara mrefu wa Kanisa la Bikira Maria uko kushoto au kulia?"

Aliyeuliza ni Teofila, jirani wa ghorofa ya juu, amesimama ngazini na viatu vimejaa tope la makaburini. Ilikuwa siku ya Watakatifu Wote. Wote wawili walikuwa wametoka kuwawashia marehemu wao mishumaa, na mikono ya Honorata bado ilinuka nta.

"Kulia," alisema Honorata, wala hakusimama kufikiri.

"Una hakika? Maana nimebishana na dada yangu kwenye simu mpaka akanikatia."

"Teofila, mimi nauza mikate pale chini tangu binti yangu hajaolewa. Mwambie dada yako ni kulia."

Teofila akapanda ngazi kwa furaha, simu iko tayari mkononi.

Ni kweli Honorata alikuwa akishinda pale. Kila siku isipokuwa Jumapili, kabla hakujapambazuka, alisukuma kigari chake cha kioo hadi uwanja mkuu wa Krakow, akapanga mikate yake ya pete: ya chumvi upande mmoja, ya ufuta upande mwingine, na ile ya mbegu nyeusi za mpopi mbele, kwa sababu ndiyo inayopendwa. Wakati wa baridi alivaa sketi mbili juu ya suruali, na kofia ya sufu iliyomfunika mpaka nyusi. Wateja walikuja kutoka uwanjani, kwa hiyo yeye alitazama uwanja, na kanisa lilikuwa nyuma yake. Alilijua liko pale kama mtu anavyoujua ukuta ulio nyuma ya kiti chake, na nani hugeuka kuutazama ukuta? Tarumbeta lilipopigwa juu ya mnara kila saa, wageni walinyanyua vichwa na simu zao. Honorata alifanya ishara ya msalaba, akaendelea kuhesabu chenji.

Mumewe, Walenty, alikuwa fundi wa tramu mpaka alipostaafu, lakini ukiuliza mtaani kwao Walenty anafanya kazi gani, ungeambiwa anajenga mapango ya Noeli. Pango la watu wa Krakow si zizi. Ni kanisa, lina minara, kuba na madirisha ya rangi, lote la kadibodi na zile karatasi za kung'aa zinazofungia chokoleti, na Mtoto Yesu hulazwa katikati, pahali pa heshima. Kila mwaka, Alhamisi ya kwanza ya Desemba, wajenzi huyabeba mapango yao hadi uwanja mkuu, wakayapanga kwenye ngazi za sanamu kubwa iliyopo hapo, na watu huja kuyatazama, kuyasifu na kuyasengenya. Walenty hakuwahi kukosa Alhamisi hiyo. Mwaka aliovunjika mguu alibebwa yeye na pango lake pamoja, nyuma ya gari la mkaa.

Ila mwaka huu, tangu theluji ya mwisho ilipoyeyuka, macho yake yote mawili yaliingia doa. Pembeni aliona mwanga na vivuli. Katikati, pale ambapo uso wa mtu hukaa, paliingia moshi. Daktari alisema moshi huo hautaondoka. Walenty akaacha kwenda mjini. Alisema mji ameuweka kichwani, na kichwa hakijaingia doa.

Basi wakapanga hivi: yeye atakata na kukunja kwa vidole, Honorata atagundisha.

"Nikilimaliza la mwaka huu, nitajua naweza na la mwakani," alisema Walenty. "Nisipolimaliza, vyombo vyangu achukue Hipolit."

Hipolit alikuwa mjenzi mwenzake na mpinzani wake wa siku zote, na kwa muda mrefu alikuwa akikimezea mate kisu cha Walenty chenye mpini wa mfupa. Honorata alisikia maneno yale akajua yana uzito. Walenty hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini mwanamume aliyekuwa akiamka kwa filimbi, siku hizi alikaa kitandani mpaka aitwe, na alipoitwa aliuliza, "Niamke nifanye nini?" Pango lile ndilo lililokuwa jibu pekee alilokuwa nalo Honorata.

Kazi ilikwenda vizuri wiki mbili. Siku moja mchana, Walenty amejilaza kidogo, akamwachia maagizo kuwa minara miwili ya mbele iko tayari, aigundishe kama kanisa linavyosimama. Honorata akaigundisha. Mrefu kulia, mfupi kushoto. Akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Walenty alipoamka aliketi mezani, akapeleka vidole kupapasa. Mkono wa kulia ukapanda mnara, ukapanda, ukafika kwenye taji la kileleni. Ukasimama hapo. Mkono wa kushoto ukapanda kidogo tu ukakosa pa kushika.

"Honorata. Mrefu umeuweka wapi?"

"Kulia. Kama ulivyo."

"Si uko kushoto?"

"Kushoto tangu lini, mzee? Mimi nashinda pale."

"Na mimi minara hii naijenga tangu sina mvi."

"Tarumbeta linanipigia sikio hili hapa, la kulia, kila saa. Mpaka nikirudi jioni bado linavuma. Utaniambia nini mimi kuhusu ule mnara?"

Alitegemea watabishana, maana kubishana na Walenty kulikuwa na raha yake, na yeye hakuwa mtu wa kukubali upesi. Lakini Walenty alitoa mikono kwenye pango polepole, kama mtu aliyegusa kitu cha wenyewe.

"Basi umekwenda," alisema.

"Nini?"

"Mji. Nilidhani ni macho tu."

Honorata akamwambia kusahau ni jambo la kawaida kwa umri wao, hata yeye juzi alisahau sufuria motoni. Alisema hivyo kwa mapenzi, na kila neno lilimzamisha zaidi. Walenty akatafuta kile kisu kwa kupapasa, akakifunga kwenye kitambaa.

"Jumatatu Hipolit aje," alisema.

Jumamosi jioni Teofila aligonga mlango, hata hakungoja kukaribishwa.

"Bi Honorata, umenivua nguo. Dada yangu ametuma picha. Na ameiwekea mshale. Mshale mwekundu, Bi Honorata, kama mimi ni mtoto wa chekechea."

Akamwekea simu mbele ya uso. Kanisa lilikuwa pale, limepigwa picha kutoka uwanjani, na mnara mrefu, wenye taji, ulikuwa kushoto. Mshale ulikuwa mnene kweli.

Honorata alitazama muda mrefu. Kisha akasimama katikati ya jikoni, akalipa kabati mgongo kama anavyolipa kanisa, akagusa sikio lake la kulia. Akageuka akalitazama kabati. Akagusa tena sikio lile lile. Sasa lilikuwa upande wa pili, karibu na dirisha.

"Yesu na Maria," alisema. "Miaka yote hii nimelitazama kwa mgongo."

Teofila alicheka mpaka akashika meza. "Sasa huyu ndiye shahidi wangu. Shahidi wa kisogo."

"Usicheke, Teofila. Nimemwambia mtu mwenye akili timamu kwamba akili zimemtoka."

Akaenda chumbani kwa Walenty, akamweleza yote, sikio, kabati, mshale. Walenty alimsikiliza mpaka mwisho, akampapasa bega.

"Asante, mama. Una moyo mzuri."

"Moyo gani? Nakwambia kweli."

"Juzi uliapa kulia, leo unaapa kushoto. Unanipooza. Na mimi nafurahi kwamba kuna mtu wa kunipooza."

"Teofila ana picha."

"Teofila naye ana moyo mzuri."

Honorata akakaa ukingoni mwa kitanda na rozari yake. Aliona wazi kwamba neno lolote litakalotoka kinywani mwake sasa litahesabiwa ni huruma. Alisali matendo yote matano, hakumwomba Mungu muujiza wa macho, alimwomba tu amwonyeshe mlango mwingine wa kupitia. Alipofunga rozari alikuwa ameshajua la kufanya.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Kristu Mfalme. Baada ya Misa, badala ya kumshika Walenty mkono kuelekea nyumbani, alimvuta kwenye kituo cha tramu.

"Tunakwenda wapi?"

"Mjini. Kutembea kama wageni."

"Nitazame nini mimi huko?"

"Wewe hutazami. Wewe unanitembeza. Mgeni ni mimi."

"Umezaliwa hapa, Honorata."

"Nimezaliwa hapa nikaupa mji kisogo. Twende, tramu yako hiyo."

Alisema "yako" makusudi. Tramu ilipopiga breki Walenty alikunja uso akasema magurudumu ya nyuma yanahitaji kusawazishwa, na Honorata akaichukulia hiyo kama dalili njema.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku, nyepesi, na juu yake umelala ukungu mzito wa Novemba, wenye harufu ya moshi wa majiko. Walishuka karibu na Lango la Floriani. Wachoraji walikuwa wameshatundika picha zao ukutani hata kwa baridi ile, wanapiga miguu chini kama farasi. Honorata alipita chini ya lango huku anatazama mbele, kama alivyopita maisha yake yote.

"Simama," alisema Walenty. "Geuka. Tazama juu ya tundu tulilotokea. Kuna nini?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

Honorata akajitahidi na ukungu. "Mtakatifu Floriani mwenyewe. Ana chombo cha maji, anawazimia watu moto. Loo, na nyumba yenyewe ndogo kama kibanda cha kuku."

"Maji anamwaga kwa mkono gani?"

"Mzee, mambo ya mikono mimi sisemi tena."

Walenty akacheka kidogo kupitia puani. Lakini walipokaribia uwanja mkuu mkono wake ulianza kumbana Honorata kiwiko, na hatua zake zikawa fupi. Honorata alijua anaogopa nini. Kumkumbuka Floriani, aliweza kusema ni bahati tu. Pale kwenye minara hapangekuwa na bahati.

Alimsimamisha uwanjani, mbali kidogo na milango ya kanisa. Hakupenda kumdanganya hata kwa kunyamaza, kwa hiyo alimwambia, "Kanisa liko mbele yako, uso kwa uso. Gusa mabega yangu. Na mimi nimelielekea, siko kisogo."

Walenty akayagusa mabega yake, akaridhika.

"Minara unaiona?"

"Hata mmoja. Ukungu umelikata kanisa kiunoni. Leo tuko sawa, mimi na wewe."

Wakangoja. Bibi mmoja aliwatupia njiwa makombo karibu na miguu yao. Farasi wa mkokoteni wa wageni alitingisha kengele zake. Honorata alishikilia midomo yake, maana angeweza kuharibu kila kitu kwa neno moja, na yeye ni mtu wa maneno.

Tarumbeta likalia. Lilianza mbali, kama linapigiwa watu wengine, kisha likahamia dirisha linalotazama uwanja, na sauti ikashuka kwenye ukungu ikiwa kavu na safi. Likafika pale ambapo hukatika kila siku, katikati ya pumzi, kwa kumbukumbu ya mpigaji wa kale aliyechomwa mshale kooni, likakatika.

Walenty alikuwa ameinua uso. Ulikuwa umeelekea juu, kushoto. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe, ukagusa sikio lake, ukabaki hapo.

"Linatokea huku," alisema.

"Mimi sijasema neno," alisema Honorata.

"Hujasema."

"Na Teofila hayupo na moyo wake mzuri."

"Hayupo."

"Basi nani kakwambia?"

Tarumbeta lilikuwa limeshahamia dirisha la nyuma, na Walenty bado alikuwa amesimama vile vile, mkono sikioni, machozi yanamshuka, na baridi ile ilimpa kisingizio kizuri.

"Mwenyewe," alisema mwishowe. "Nimelijua mwenyewe."

Wageni kando yao walianza kumpungia mikono mpiga tarumbeta, japo hakuna aliyemwona. Ni desturi, na yeye hupunga naye. Honorata hakuwahi kupunga hata siku moja, siku zote mikono ilikuwa na mikate. Sasa alipunga mpaka kofia ikamhama kichwani.

"Unampungia nani?" aliuliza Walenty.

"Yule anayenizibua sikio."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia Walenty. Alimwongoza mkewe kwa mkono ambao kwa kweli yeye ndiye aliyeongozwa nao. Alimpitisha chini ya jumba la wauza nguo, akamwambia anyanyue macho akitafute kile kisu cha chuma kinachoning'inia kwa mnyororo, kisu cha wale ndugu wawili wajenzi waliooneana wivu kwa ajili ya minara.

"Waliuana," alisema Walenty.

"Na sisi tulikuwa njiani," alisema Honorata.

Kwenye barabara ya kuelekea kilima cha Wawel, penye kanisa la wafalme, alimwambia wanakaribia mitume, na kweli mitume kumi na wawili walikuwa wamesimama juu ya nguzo zao mbele ya kanisa, kila mmoja na kofia ya theluji. Honorata aliwaonea huruma akawasalimu kwa majina, wale aliowatambua. Walikula kwenye kimgahawa cha ngazi tatu chini ya ardhi, supu ya bitiruti ya moto iliyowatia midomo rangi, na Walenty alichora minara kwenye meza kwa ncha ya kijiko, akamweleza kwa nini wa kanisa hili ni wa mviringo huku juu na wa lile una mabega. Honorata aliuliza maswali ya kijinga, na hakuona haya, kwa kuwa siku ile yeye alikuwa mgeni.

Walipopanda kilima cha Wawel ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Jua la baridi halina joto, lakini halikosi adabu, hupita likasalimia. Lilipita juu ya kanisa la wafalme, na Walenty, aliyekuwa ametazama pembeni, akasimama ghafla.

"Honorata, pale kuna njano."

"Ni kuba la dhahabu."

"Usiniambie. Naliona. Nikilitazama linakimbia, nisipolitazama lipo." Akageuza kichwa kidogo kama kuku anayetafuta punje, akalipata tena. "Lile mwaka juzi nililifunika kwa karatasi ya yai la chokoleti la Pasaka. Nilikosea. Njano yake ina wekundu ndani."

Honorata naye alitazama. Mji wote ulikuwa umelala chini yao na mapaa yake meupe, minara imetoka kwenye ukungu mmoja mmoja kama watu wanaotoka Misani. Moyoni alisema, Ee Mungu, yote haya uliyaweka nyuma yangu, na hukuchoka kuningoja nigeuke.

Jumatatu Hipolit alifika na mfuko mtupu chini ya kwapa. Alimkuta Walenty mezani anaibandua minara kwa kisu kilichopashwa moto.

"Niliambiwa nije kuchukua vyombo."

"Umechelewa. Shika mnara huu. Shika sawasawa, mikono yako inatetemeka kama ya mwizi."

"Hutaki kunipa kisu, basi na mnara unanipa?"

"Ukitulia nitakupa na chai."

Hipolit akaushika mpaka gundi ikakauka. Aliusifu kwa kuukosoa, kama wanavyofanya wajenzi, akaondoka na mfuko wake mtupu, na mlangoni alimnong'oneza Honorata kwamba amefurahi.

Alhamisi ilipofika, pango la Walenty lilisimama kwenye ngazi za sanamu pamoja na mengine, mnara mrefu kushoto, kuba lake la njano yenye wekundu ndani. Halikushinda. Hipolit alipata nafasi ya pili na hakuacha kuitaja. Walenty alisimama nyuma ya kazi yake, mgongo wima, na kila aliyeuliza nani kakuonyesha, akajibu kwamba mkewe ndiye aliyeonyeshwa. Jioni, wakati wa kuvua viatu, alimwambia Honorata aanze kumwekea karatasi za chokoleti za zambarau kwa ajili ya mwakani. Teofila alikwishaanza, alileta gunia zima, na akaapa chokoleti zote alikula peke yake kwa ajili ya Kanisa.

Siku iliyofuata Honorata alirudi kwenye kigari chake. Kukigeuza hakuwezekani, wateja hutokea kule kule. Lakini alihamisha kigoda chake, akakiweka kando, akakaa bega moja kwa uwanja na bega moja kwa kanisa. Theluji ilikuwa imelala kwenye taji la mnara. Mgeni mmoja mrefu, mwenye begi kubwa mgongoni, alinunua mkate wa mbegu nyeusi, akasimama pale pale mbele ya uso wake kuula.

"Naomba usogee kidogo, mwanangu," alisema Honorata. "Unanizibia mnara."